Leseni ya Jana

Nabisha milango kwa mshahara.
Halifax ni mji wa mawe na miinuko,
na mvua yake hainyeshi, inanata.
Kwapani nina tableti, na ndani ya tableti
orodha ya nyumba zilizonyamaza:
namba kumi na tisa, juu kabisa,
leseni imekufa tangu Februari,
barua tano kwa jina la Bwana Clifford Thackray,
naye hakujibu hata moja.

Aliyefungua alikuwa Bi Beryl,
ndani ya sweta ya kiume, mikono imekunjwa mara tatu.
"Najua huna haki ya kuingia," akasema.
"Lakini umelowa. Ingia."

Nikamsomea sheria kama nilivyofundishwa,
polepole, bila kutia chumvi:
kipindi kikiwa hewani, nawe ukakitazama kikiwa hewani,
kwa runinga, kwa simu, kwa kompyuta ya mjukuu,
chaneli yoyote, hata ile ya mtandaoni,
lipa.
Kikishapita, ukakitafuta kesho yake kwa hao wengine,
bure.
Ila kwa Shirika.
Kwenye programu ya Shirika hata cha jana kinalipiwa,
hata cha mwaka juzi.

Yaliyopita si ndwele, husema watu.
Kwa walioniajiri ni ndwele,
na dawa yake hununuliwa kila mwaka.

Ndipo nikaiona runinga.
Ilikuwa inawaka.
Snuka: meza ya kijani, kijana ameinama,
kidevu juu ya fimbo,
na mpira wa bluu umekaa mdomoni mwa shimo
kama neno linalosita.
Nikangoja apige.
Nikangoja, mjinga mimi, na kikombe mkononi.

"Hapigi," akasema Bi Beryl.
"Clifford aliirekodi Novemba,
leseni ikiwa hai, yeye akiwa hai.
Tukaitazama usiku wa pili yake.
Akaniambia, Isimamishe, Beryl, niweke birika.
Nikaisimamisha.
Nikasikia birika likijizima.
Sikusikia kingine."

Akafuta kioo kwa mkono wa sweta, bila haraka,
akampitia yule kijana usoni.
"Sasa niambie, wewe mwenye sheria,
hii ni mubashara, au ni marudio?"

Fomu yangu ina visanduku vinne.
Hewani. Baadaye. Programu ya Shirika. Hatazami.
Kidole kikazunguka juu yake
kama nzi asiyejua atue wapi.

Na sheria naijua:
kilichorekodiwa leseni ingali hai hakidaiwi.
Hilo lilikuwa jepesi.
Lililonishinda ni jingine.
Mechi ile niliitazama.
Nilikuwa kwa dada yangu, Dewsbury,
nakula chipsi zilizopoa,
na namjua aliyeshinda,
na najua ule mpira wa bluu
ulikwenda wapi.

Chai yake ilikuwa kali, rangi ya matofali.
Akaniuliza kama nafuatilia snuka.
"Kriketi," nikasema. "Kriketi tu."
Ni uongo pekee nilioutamka kazini mwaka huu,
au pekee ninaoukumbuka.

Nikaandika: leseni haihitajiki.
Nikalifuta jina la Clifford kwenye barua zijazo,
kisha nikamtazama, nikalirudisha,
kisha nikaweka la kwake mbele ya la mumewe.
Mfumo ukauliza sababu.
Nikaacha wazi, ukakataa.
Nikaweka nukta.
Nukta ukaikubali.

Nje mvua bado inanata.
Nyuma yangu dirisha la kijani,
na mtu ameinama ndani yake
bila kukosea, bila kupatia.

Nikabisha namba ishirini na moja.
Humo palikuwa na kelele za mpira wa miguu, watu wakishangilia,
halafu ghafla
kimya.